Doyle, Jina la Babu Yangu Mkamba

Harufu ya rangi mbichi hunirudisha Jidda, kwenye nyumba tuliyokaa kwa muda wa kunywa chai tu. Nilikuwa na miaka kumi. Baba alikuwa fundi wa mashine za hospitali, na kazi ilikuwa imemhamisha kutoka Riyadh, tulikoishi katika vyumba viwili karibu na soko la Batha. Jidda tuliahidiwa nyumba nzima mtaa wa Al-Safa. Tulipofika, kuta zilikuwa zinanukia rangi, zulia lilikuwa bado na nailoni yake, na Mama, ambaye alikuwa mjamzito na miguu imemvimba, alivua viatu mlangoni akaketi sakafuni chini ya kiyoyozi na kufumba macho kwa raha. Kisha akaja msimamizi wa nyumba. Alitutazama mmoja mmoja, halafu akachungulia nyuma yetu, kana kwamba kuna mtu aliyebaki garini. Akauliza Mister Doyle yuko wapi. Baba akajibu kwamba ni yeye. Yule bwana alitabasamu, akatoka nje kupiga simu, na aliporudi nyumba ilikuwa ghafla haijawa tayari. "Yalla, twendeni," alisema, "iko nyingine nzuri." Hiyo nyingine nzuri ilikuwa Bani Malik, ghorofa ya nne, lifti mbovu. Mama alizipanda zile ngazi na tumbo lake huku akitukana kwa Kikamba, na Baba nyuma yake na masanduku.

Sisi ni Wakamba wa Machakos, weusi tititi, na jina letu la ukoo ni la Kiayalandi. Hamwezi kujua adha yake. Kliniki za Riyadh, muuguzi akiita Doyle, tulikuwa tunasimama mbele yake naye anaendelea kuita huku akitafuta Mzungu ukumbini. Wakenya wenzetu ndio walikuwa wabaya zaidi. Hao waliangalia pua zetu, wakaangalia nywele, kisha wakamvuta Mama kando kumuuliza huyo Mzungu alikuwa nani, na bibi yetu alikuwa akimfanyia kazi gani. Hakukuwa na Mzungu wa namna hiyo. Nililisema hilo nikiwa mtoto hadi nikachoka, na ninalisema leo nikiwa bado nimechoka.

Kilichotokea ni hiki. Kwetu, mtoto akizaliwa wakati mgeni yumo nyumbani, ugeni huo unaweza kuingia katika jina lake. Siku Babu alipozaliwa, padri kutoka Ayalandi alikuwa amekwama kwa wazazi wake, baiskeli imeharibika na mvua haikatiki. Walimpa kigoda na uji. Mtoto alipolia ndani, wakamuuliza padri anaitwa nani, naye akataja majina mawili. La kwanza lilikuwa Patrick, na kijijini tayari kulikuwa na Patrick mmoja, mlevi asiyependwa na mtu, kwa hiyo wakachukua lile la pili. Kwao kila jina lilikuwa la mtu mwenyewe. Hawakujua kwamba kwa kina padri jina la mwisho ni la ukoo mzima na halitolewi kwa jirani kama moto wa jikoni. Basi mtoto wa Kikamba akaitwa Doyle, akakua, akazaa, na watoto wake wakaandikishwa shuleni kwa jina la baba yao. Sisi tukalirithi.

Mwaka ule wa Jidda, jina hilo lilikuwa karibu kuzimika, na Babu alilijua hilo. Desturi yetu inataka mvulana wa kwanza aitwe jina la baba wa baba yake. Mimi, binti wa kwanza, niliitwa Mwende kwa ajili ya bibi yangu. Hospitali ilikuwa imesema tumboni kuna mvulana, na Babu, mzee aliyekuwa na Baba tu kama mwanawe wa kiume, alipiga simu kila Jumapili kuuliza, "Nimefika huko?" Alimaanisha kuzaliwa. Baba alijibu, "Bado, mzee," kisha akakata simu na kutuambia, "Huyu mtoto ataitwa Kioko, na la ukoo ataandikwa jina langu la kwanza. Hiyo Doyle inaishia kwangu. Halas, imekwisha." Mama alimuuliza atamwambia nini mzee.

Mimi ndiye niliyeuongezea moto kuni. Shuleni nilikuwa na mwalimu wa Kiayalandi, Mwalimu Nora, ambaye alipoliona jina langu alitarajia mtoto mwenye nywele nyekundu, na aliponiona alicheka hadi akalazimika kukaa. Lakini hakuniuliza habari za bibi. Aliniambia kwamba kwao kina Doyle wamejaa, hasa pwani ya kusini mashariki. Ni moja ya majina yanayopatikana kila mahali, na ukirusha jiwe kanisani utampiga mmoja. Aliniambia pia asili yake. Zamani sana walifika kwao watu kutoka ng'ambo kwa merikebu, wengine wenye nywele za rangi ya dhahabu, wengine wenye nywele nyeusi. Wenyeji wakawaita hawa wa pili kwa maneno mawili ya lugha yao yenye maana ya weusi na ugeni. Watoto wa wale watu walibaki, wakaoa hapo, wakawa wenyeji, na jina halikuwatoka. Doyle ni mtoto wa mgeni mweusi.

Niliikimbiza habari hiyo nyumbani nikidhani nimebeba zawadi. Baba alikuwa ameketi na soksi mkononi.

"Mgeni mweusi?" alisema.

"Ndiyo, Baba."

"Yaani nimetembea na hiyo kitu miaka yote? Kafili anayenidhamini ananiita mgeni, kibali changu cha ikama kinaniita mgeni, na jina langu pia?" Akaitupa soksi ukutani. Mama akaanza kucheka, tumbo likatikisika, jambo lililomkasirisha Baba zaidi.

Jumapili iliyofuata hakungoja kuulizwa. Alimweleza Babu maana ya jina, akamwambia kwamba mwanawe hatabebeshwa tusi hilo tangu siku ya kwanza, na kwamba ataitwa Kioko. Simu ilikuwa kwenye spika kwa sababu Mama alitaka kumsalimu mzee, kwa hiyo sote tulisikia. Babu akasema, kwa sauti ya mtu aliyesumbuliwa bure, "Sasa si ni kweli? Kwani huko uko kwenu?" Baba akaanza kubisha, naye akamkatiza. "Mimi sijui mambo ya Ayalandi. Mimi naomba jina langu. Nikienda, na hakuna mtoto anaitwa hivyo, nani ataniita?"

Baba alitoka akaenda kusimama kwenye ngazi, akabaki huko muda mrefu. Aliporudi, Mama, kwa mara ya kwanza tangu niwafahamu, hakumwuliza ameamua nini. Nilimchukia Mwalimu Nora bila sababu. Nilijichukia na mimi kidogo. Mtoto alipozaliwa, Baba aliniacha kwa jirani yetu Msudani, na aliporudi kunichukua nilimuuliza anaitwa nani. Alinijibu kwa hasira, kama mtu aliyeshindwa kesi, "Baba yangu. Na kelele zake ni zilezile." Akapiga simu Machakos hapohapo mlangoni, viatu bado miguuni. Alisema neno moja tu, "Umefika," na upande wa pili mzee alipiga kelele za furaha hadi jirani akatoka kuuliza kuna nini.

Sasa mimi ndiye ninayeishi Riyadh, nikifanya kazi kwenye maabara ya hospitali, na wakiita Doyle bado wanachungulia nyuma yangu. Siku hizi simwelezi mtu. Kinachonichosha ni kingine. Ndugu yangu alizaliwa Jidda, anatania kwa Kiarabu cha Jidda, ugomvi wake wote na marafiki zake wote wako Jidda, na alipokuwa mtu mzima akakosa kafili wake mwenyewe, ikabidi aondoke. Wakamwambia arudi kwao. Alifika Machakos kama mtalii. Anaishi katika nyumba ya Babu, aliyefariki zamani, na watoto wa huko wanamwita Mwarabu. Nilipokuwa mdogo, nyumbani tuligombana miezi mitatu juu ya jina litakalomfanya mtoto aonekane mgeni. Hata tungemwita Kioko, ndege ya kumrudisha ingekuwa ileile.

Mama yuko naye Machakos. Baba bado yuko Jidda, anamaliza mkataba wake wa mwisho, nami humtembelea wakati wa likizo. Kila magharibi Baba hupiga simu Machakos. Huyu mtu mkali, ambaye hata mimi hunigombeza kwa kuchelewesha chai, hajawahi kumpandishia ndugu yangu sauti, kwa sababu kwetu mtu hamkaripii mwenye jina la baba yake. "Baba, umekula?" humuuliza. "Usilale na njaa, Baba. Nivumilie kidogo, nakuja." Kisha hukaa pale na simu mapajani, mwanamume wa miaka sitini na mitatu anayemtamani baba yake, na mimi huenda kuchemsha chai ili asinione nikilia.