Tisa Iliyojaa

Mimi shule niliachia darasa la tano, na sijawahi kuitafuta tena. Nilianza kwa kugonga kokoto na nyundo kando ya barabara ya Juja. Leo nina hardware tatu, maduka ya vifaa vya ujenzi, ya kwanza iko Kimbo, na ile kubwa kuliko zote iko Mugutha, ninakoishi. Kwa hiyo mji ulipotuita kwenye ukumbi wa kanisa hapa Ruiru tupange baraza la wakazi, sikukaa nyuma. Nilikaa safu ya mbele, na suti.

Mambo ya kuamua yalikuwa matatu: wajumbe wawe wangapi, wakae miaka mingapi, na uchaguzi uwe ukija lini. Mimi nilitaka kitu kimoja tu, Mugutha ipate kiti. Mvua ikinyesha kwetu maji yanaingia mpaka jikoni, na hatuna wa kutusemea.

Mwenyekiti, mwalimu mkuu mstaafu, alipendekeza wajumbe saba.

"Saba hapana," akasema cucu mmoja, bibi mzee aliyekaa karibu nami. "Hiyo namba ina mkosi. Wekeni kenda muiyuru."

Ukumbi ukapiga makofi. Kenda muiyuru ni tisa iliyojaa. Wazee wetu Wakikuyu waliogopa kuhesabu watu mpaka mwisho wasije wakawaletea balaa, kwa hiyo wakifika kumi wanasema tisa iliyojaa. Lakini karani wetu alikuwa mama Mkamba kutoka upande wa pili wa Thika. Kwao pia kenda ni tisa. Akaandika tisa.

Mwalimu akataka miaka mitano, wote waingie pamoja na watoke pamoja. Hapo nikasimama.

"Mwalimu, mimi nikijenga sifukuzi mafundi wote siku moja. Wakienda wote, nani atajua bomba lilipita wapi? Weka miaka minne, lakini kila baada ya miwili nusu watoke, nusu wabaki."

"Na hao nusu wa kwanza, watakaokaa miwili tu, utawajuaje?"

"Tutavuta karatasi."

Ikapita. Mimi wa darasa la tano, nimetunga sheria ya mji, na mwalimu mkuu anaiandika!

Kisha kila mtaa ukachagua mtu wake. Mugutha tuliitwa mwisho kabisa, na kabla hatujasimama mwalimu akafunga faili.

"Poleni ndugu zangu. Nafasi tisa zimejaa."

"Zimejaa aje na sisi hatujakaa?" nikauliza. Nikamgeukia yule bibi. "Cucu, Mungu amekupa watoto wangapi?"

"Kenda muiyuru."

"Na wakikuja Krismasi, unapakua sahani ngapi?"

"Kumi. Ama unataka mmoja alale njaa?"

Ukumbi ukacheka, na karani akacheka kuliko wote, huku akishika kalamu. Mwalimu hakucheka.

"Kumi wakipiga kura watalingana, tano kwa tano."

"Si wataongea mpaka mmoja alegee? Na hao tisa wako, mwalimu, utatoa nusu vipi? Utakata mtu kiunoni?"

Akafungua faili. Ikawa kumi, na Mugutha wakanichagua mimi. Wangemchagua nani mwingine?

Tukavuta karatasi. Nilifungua yangu nikiwa tayari natabasamu, na ndani imeandikwa: miwili.

Cucu alichungulia. "Kijana, si ni wewe ulisema nusu watoke mapema?"

"Ni mimi, cucu."

"Basi kimbia."

Nilikimbia kweli. Wa miaka minne wanaweza kuanza pole pole, mimi sina huo muda. Asubuhi ya kikao cha kwanza nilitembea mtaro wote wa Mugutha na gambuti za mpira, mvua ikininyeshea, nikikagua kila mahali ulipoziba. Wenzangu tisa walinikuta mezani na matope mpaka magotini. Suti niliiacha nyumbani. Nilikuwa nimeshaanza kuongea kabla mwalimu hajafungua kwa maombi.