Kiuno Kinachouma Nacho Huchezeshwa

Nyinyi vijana mtakaosoma haya, kaeni vizuri kwanza. Na wewe uliyejikunja kitandani kama kambale kwenye tenga, inuka. Mimi nilisoma elimu ya watu wazima tu, basi sitazunguka.

Nakumbuka mwaka tuliohamia kijiji cha ujamaa, huku Handeni. Nilikuwa mke kijana. Nilibeba miti ya kujengea mpaka kiuno kikagoma. Mganga wa zahanati akanipapasa, akasema mfupa haukuvunjika, nijinyooshe taratibu na kutembea. La mfupa nikalisikia, la kutembea nikaliacha hukohuko zahanati. Nikalala. Mama mkwe wangu, mwema kupita kiasi, akawa ananilisha ugali na mlenda palepale kitandani. Siku nikiamka na nafuu, nalima shamba la kijiji kama trekta, watu wasije wakaniita mvivu. Kesho yake hata kugeuka siwezi. Miezi ikaenda hivyo, kulima na kulala, na kila mara kulala kukazidi kurefuka.

Sasa mdogo wangu Zaina alikuwa mwali ndani, kwetu Korogwe ya Zamani. Katika ukoo wetu, mwali akitolewa nje, dada yake mkubwa ndiye anayemtangulia uwanjani akicheza. Dada ni mimi, hana mwingine. Nisipocheza, atatolewa na mtu wa kando, na midomo ya watu mnaijua.

Kungwi wake, Bibi Mwantumu, aliyenifunda hata mimi, akaja kutoka Korogwe kuniangalia. Mwanamke mfupi, sauti ya kuamsha kijiji.

"Shikamoo, bibi," nikasema.

"Marahaba. Unaniamkia umelala, kwani nimekuja mazishini?"

"Kiuno, bibi."

"Kiuno nilikufundisha mimi. Nilikufundisha kukilaza?"

Mama mkwe alicheka mpaka akashika mlango.

Bibi Mwantumu akanisimamisha, nikashika ukingo wa kinu. Akaimba nyimbo zetu za ndani, lakini polepole, kama mtu anayebembeleza mtoto. "Zungusha kidogo. Kidogo, nimesema! Kikizidi kuuma, punguza duara." Kabla sijachoka, akanikatisha. Nikamwambia bado naweza.

"Ndiyo maana unakaa sasa hivi," akasema. "Wewe si mvivu, binti. Wewe ni mlafi. Siku njema ikija unaila yote, kama mtu anayekula hadi mbegu ya kupanda."

Lo! Hilo liliniuma kuliko kiuno, maana mimi kule kulima kwangu nilikuona ndiyo sifa.

Nikashika mwendo huo kila asubuhi. Kuzungusha kidogo, kutembea hadi kisimani na kurudi mikono mitupu, kupumzika ningali nataka. Siku mbaya nafanya nusu. Siku njema siongezi jembe, hata mkono uwashe vipi. Maumivu hayakuondoka, nisiwadanganye. Yalikaa kama mpangaji mkorofi, ila niliacha kumwachia nyumba nzima.

Siku ya Zaina, basi la Korogwe lilinitikisa nikatukana moyoni. Ngoma ikalia. Nikatangulia, nikacheza kidogo, nikaketi kigodani katikati ya uwanja, nikainuka nikacheza tena.

"Huyu anacheza kwa vituo kama basi!" shangazi yangu akapiga kelele.

"Basi la vituo ndilo linalofika!" Bibi Mwantumu akamrudishia.

Uwanja mzima ukaangua kicheko. Zaina, aliyetakiwa kuinamisha kichwa kwa haya, alikuwa anatikisika kwa kucheka ndani ya kanga yake. Nami ndiye niliyemtoa.

Mwanangu, maumivu mapya yapeleke hospitali kwanza, usiyachezee. Lakini yale ya zamani, mliyokwisha kuzoeana nayo na daktari ameyaona, usiyalalie. Sogea kidogo leo, kidogo kesho. Mwendo pole hauumizi mguu, na haba na haba hujaza kibaba. Ila kibaba kikijaa, acha! Mungu awape viungo vyepesi, na asiwanyime mzee mkali wa kuwasimamisha.

Hapa kwangu nimeshatoa amri: asubuhi redio ikianza kupiga muziki, kila mwenye kiuno katika nyumba hii asimame. Anayeumwa ndiye atakayeshika mwendo, wazima wamfuate. Na mimi nikisema basi ni basi, hata wimbo uwe mtamu namna gani.