Kasi ya Umri

Kaka yangu hutengeneza meno ya bandia. Plasta inapokauka kwenye kalibu, yeye hukaa mbele ya kompyuta kuongoza timu ya besiboli isiyokuwepo duniani. Wachezaji amewapa majina na umri wa ndugu zake. Mrushaji mkuu ni mama, miaka sabini na mitatu. Mimi kaniweka benchi, na sijamsamehe.

Katika mchezo huo umri hauna huruma: kila msimu vijana hupanda kiwango, wazee hushuka mpaka wanaachwa. Daktari alipotuambia moyo wa mama hautamaliza mwaka, kaka alifungua mipangilio, akashika kipimo cha kasi ya umri, akakishusha hadi sifuri.

"Walau huku asishuke," aliniambia. Nilimcheka.

Wiki hiyo hiyo mama alipanda ngazi bila kushika ukuta. Akatunga uzi kwenye sindano bila miwani. Tulimshukuru Mungu, nani angeuliza?

Nilikuwa na mimba ya miezi saba. Mkunga alinipima tumbo kwa utepe, akaandika. Baada ya wiki tatu akapima tena, akaandika namba ile ile. Mara ya tatu akaukagua utepe wenyewe.

"Moyo wa mtoto unapiga, dada, ila hakui."

Nikatazama kucha zangu. Sikuwa nimezikata tangu siku ile kaka aliposhusha kipimo, na hazikuwa zimeota hata kidogo. Niliingiwa na hofu, nikaenda moja kwa moja kwa kaka. Meno yalikuwa yamepangwa rafuni, yote yametukenulia.

"Rudisha," nilimwambia.

"Kipimo ni kimoja kwa ligi nzima, kukua na kuzeeka. Nikirudisha, mama..."

"Na mwanangu je?"

Mkono wake ulikuwa juu ya kipanya, hauendi mbele wala nyuma.

Hatukumsikia mama akiingia. Siku hizo hatua zake zilikuwa nyepesi.

"Nimesikia yote," alisema. "La kuvunda halina ubani, wanangu. Nionyesheni pa kusukuma."

Kaka alilia kama mtoto. Mama akaufunika mkono wa kaka kwa mkono wake mwenyewe, wakasukuma pamoja.

Mtoto akanipiga teke la mbavu. Niligeuka nimwambie mama, nikamkuta ameegemea ukuta, anapapasa juu ya meza.

"Miwani yangu mliiweka wapi?" aliuliza.