Papa mukwe na compte ya administrateur

Leo papa mukwe ameua picha zetu zote na kidole kimoja.

Alikimbia vita Rutshuru, sasa anakaa kwetu. Kwa ordinateur, mashini yetu ya nyumba, nilimupa compte ndogo, ile haiwezi kuingiza programme.

Akakasirika: «Hata ndani ya mashini unaniweka mukimbizi?»

Bibi yangu, binti yake, akaniangalia vibaya. Kwetu mukwe hanyimwe kitu. Nikamufanya administrateur, mwenye ruhusa zote.

Leo akaingiza kaprogramme ka bure ka kuangalia mechi. Mashini ikauliza: unakubali? Muzee ni mutu wa heshima, akakubali yote.

Kumbe ni virusi. Picha hazifunguke tena.

Mama mukwe alikufa njiani wakikimbia. Sura yake ilibaki mule ndani ya picha tu.

Muzee anabonyeza, anabonyeza.

Wenye mulikuya kwa harusi yetu, mutafute picha zenu. Hata kama mama mukwe anaonekana nusu, nyuma ya keki, munitumie.