Jina la Pili Kwenye Makala

Nikiona makala ya kitaaluma yenye majina mawili, kabla sijasoma ikisiri najiuliza ni nani kati ya hao wawili hakuandika hata mstari. Ni tabia mbaya, najua. Niliipata Kasulu, na siombi radhi.

Mwaka 2013 nilikuwa mwalimu wa sekondari pale, mtu wa Tanga niliyepangiwa kituo mbali na kwetu, nikisoma shahada ya uzamili kwa masafa. Mada yangu ilikuwa makosa ya Kiswahili ya wanafunzi wanaozungumza Kiha nyumbani. Msimamizi wangu, profesa mmoja wa Dar es Salaam, alinirudishia sura ya kwanza na neno moja pembeni: "Majarida?" Basi. Yapi, yako wapi, yanasomwaje, hakusema. Nilipompigia simu alinijibu kwamba mwanafunzi wa ngazi yangu hapaswi kuuliza swali kama hilo. Nusura niitupe simu ukutani.

Aliyenifumbua macho hakuwa mtu wa chuo chochote. Shirika moja lilikuwa likituchukua Jumamosi, walimu wachache wa Kasulu, kwenda kambi ya Nyarugusu kuwanoa walimu wakimbizi kwa Kiswahili sanifu. Nilikwenda kifua mbele, Kiswahili nimezaliwa nacho. Miongoni mwa wanafunzi wangu alikuwamo Mkongo mmoja wa makamo, ambaye kabla ya vita alikuwa mhadhiri msaidizi wa isimu huko kwao. Wakati wa mapumziko alinikuta nahangaika na rundo la makala nililochapisha kwenye duka la intaneti mjini. Akaomba aone. Alizipokea kwa mikono miwili.

"Maman, weye unasoma hii yote?" aliniuliza. "Iyi revue, iyi jarida, ni ya bantu ba kusifiana tu. Tupa. Iyi ingine, humu banagombanaka. Soma kwenye banagombana."

Hivyo ndivyo alivyonifundisha, Jumamosi baada ya Jumamosi. Kwamba jarida lina ukoo wake, lina wakwe na mahasimu. Kwamba ukitaka kujua mada imefika wapi, tafuta makala ambayo kila mtu anaipinga. Kwamba jarida linalochapisha chochote linachotumiwa, hilo likimbie. Nami nikawa nampelekea mengine mapya. Alikuwa hajagusa jarida tangu akimbie, akawa anayasoma amesimama huku uji wake unapoa.

Siku moja nikampa insha za wanafunzi wangu wa vijiji vya Heru Juu na Titye, zile nilizozikusanya kwa ajili ya utafiti. Akazisoma zote.

"Makosa iko wapi?" akasema. "Batoto banafuata utaratibu yao. Ni weye hauuone."

Nilipandwa na hasira. Huyu, na Kiswahili chake hicho, anifundishe mimi! Nilirudi mjini nimenuna, vumbi hadi kwenye kope. Kufika Jumatano nilikuwa nimezipitia upya insha zote, na alikuwa sahihi. Tasnifu yangu ikapinduka juu chini. Katika makala iliyotokana nayo, kiini kilikuwa chake, na sehemu nzima ya nne aliiandika yeye mwenyewe kwa mkono.

Alitaka kitu kimoja tu. Vyeti vyake viliungua vitani, na chuo kimoja cha nje kilikuwa kimemjibu kwamba kingefikiria maombi yake ya kazi kama angeonyesha chochote kilichochapishwa chenye jina lake.

"Jina tu, maman," alisema. Nikamwahidi.

Fomu ya jarida ilidai taasisi ya kila mwandishi. Nilipomuuliza msimamizi niandike nini, alicheka.

"Mkimbizi? Utaandika hema namba ngapi? Mtoe huyo. Niweke mimi, wahariri watakupokea."

Alikuwa hajaisoma makala. Hakujua hata inabishana na nani. Na mimi, mwenye mdomo unaojulikana shule nzima, mimi niliyewahi kumfokea mkaguzi mbele ya wanafunzi, nikasema, "Sawa, profesa."

Ilitoka mwaka 2015. Nilimpelekea nakala wakati Warundi wanaingia kambini kwa wingi, madarasa yamegeuzwa malazi, naye anafundishia chini ya turubai. Njia nzima nilikuwa nikipanga maneno: fomu, taasisi, taratibu za wahariri. Aliyaangalia yale majina mawili, langu na la profesa. Akafunua hadi sehemu ya nne, ambayo ilikuwa neno kwa neno kama alivyoiandika, akaisoma mpaka mwisho. Nikaanza kueleza habari ya fomu. Akainua mkono ninyamaze.

"Wakati balikuambia utoe jina yangu," aliuliza, "ulikatala?"

Nikamwambia sikukataa.

Alinirudishia makala, akaniomba nimpishe. Watoto walikuwa wanamngoja.