Transfoma Kwenye Mkeka wa Kahawa

Mkaguzi wa mali alipita chuoni kwetu na kopo la rangi nyekundu. Kila kifaa alichokiona kimezeeka alikipiga kosa, kama mwalimu anavyosahihisha daftari la mtoto mzembe, kisha akasonga mbele. Alipofika meza ya mwisho ya karakana yangu hakuuliza hata swali moja. Akaipiga kosa ile osiloskopu ya kijivu, ubavuni, akaniambia gari la chuma chakavu litakuja baada ya wiki tatu.

Sikubishana naye. Nilikwenda kwa mkuu wa chuo, nikaomba kibali cha kuitengenezea nyumbani, nikaipakia kwenye bajaji hadi kwangu Ijuganyondo. Usinicheke, rafiki yangu. Najua mimi ni mama mzima mwenye wajukuu, na najua wanafunzi walinichungulia dirishani nikiwa nimekumbatia dude lenye uzito wa mbuzi. Lakini osiloskopu hiyo ilikuwa ya baba yangu kabla haijawa ya chuo, na mara ya kwanza kusikia ikiitwa takataka nilikuwa darasa la sita.

Siku hizo tulikaa Ijumbi, huko Muleba, katika nyumba yenye bati mbele na jiko la nyasi nyuma, migomba ikiwa imetuzunguka pande zote. Baba alikuwa fundi wa redio. Karakana ya misheni ilipofungwa, wenzake waligawana misumeno, koleo na jiliwa, yeye akaondoka na chombo ambacho hakuna aliyekitaka. Alikipenda kwa sababu kilimwonyesha umeme kwa macho. Ukikiunganisha na redio mbovu, mstari wa kijani ulitokea kwenye kioo chake cha duara na kucheza, na kwa mchezo huo baba alijua redio inaumwa wapi. Kitabu cha maelekezo ya mashine kilikuwa kimepotea. Baba aliichora mashine yote mwenyewe, waya kwa waya, nyuma ya kalenda za kanisa, mpaka kalenda za miaka mitatu zikaisha.

Sebule yetu ilinukia risasi ya kuchomea, na jikoni kwa bibi kulinukia moshi na ndizi. Mimi nililelewa kati ya harufu hizo mbili. Asubuhi kabla ya shule nilianika kahawa na bibi, na yeye ndiye aliyenifundisha kuijua kahawa kwa pua. Kahawa iliyokauka nje lakini ndani ingali na maji inatoa harufu fulani nzito ya uchachu, kama nguo iliyokunjwa mbichi. Bibi alikuwa anachota kiganja kimoja, ananusa, anairudisha mkekani iendelee kukauka. Alasiri nilikaa na baba, ambaye naye alikuwa na amri zake: angalia, nusa, pima, lawama baadaye. Alinionya pia kwamba mashine hiyo hata ikizimwa hubaki na umeme tumboni, na hakuniruhusu kuingiza kidole kabla hajaumaliza kwa bisibisi yake yenye mpini wa mpira.

Mwaka ule masika yalikaa muda mrefu mno. Yalipokwisha, mstari wa kijani ulianza kutetemeka, ukasinyaa, halafu siku moja ukazimika kwa mlio mdogo wa kupasuka. Baba alifungua mfuniko, akaangalia, hakuona kitu. Nikamwomba ninuse. Niliinamisha uso juu ya ile transfoma kubwa ya nyuma, ile inayopandisha umeme, nikaijua harufu hiyo mara moja.

"Taata, hii ni kahawa ambayo haijakauka," nikasema.

Hakucheka. Aliitoa transfoma, akaandika kila waya ulipotoka, akapima kati ya waya wake na chuma chake kwa ile mita ya mshale. Mshale ambao ungepaswa kulala ukanyanyuka. Unyevu ulikuwa umeingia kwenye karatasi za ndani zinazotenganisha nyaya.

Sasa tulikuwa na jirani, fundi wa koroboi na majiko ya mkaa, mtu mwema ila mwenye macho ya mwewe kwa kila kipande cha bati. Huyo alikuwa ameshalipigia hesabu sanduku la mashine yetu. Kila siku alikuja barazani kutafuna punje za kahawa, kama desturi ya kwetu, na kila siku aliuliza kama bado tunahangaika na maiti. Baba alichoka. Akamwambia kwamba kahawa ya msimu huo ikishapelekwa chama cha ushirika na mashine ikiwa ingali imekufa, aje alichukue sanduku lake. Nilimsikia kwa masikio yangu, na moyo wangu ukauma kwelikweli. Bila mashine ile baba angebaki fundi wa kubahatisha, na mimi ningebaki mtoto wa kuanika kahawa tu.

Siku iliyofuata baba alikwenda gulioni, akaniachia transfoma niikaushe karibu na moto. Alinisisitizia jambo moja: masizi yanapitisha umeme, kwa hiyo moshi usiiguse. Nikawaza. Kwetu kitu kinachowekwa motoni na kisitakiwe kuingiwa na moshi kinafunikwa kwa majani ya mgomba. Hivyo ndivyo nilivyoona tangu kuzaliwa, ndivyo bibi alivyofunika ndizi kila siku ya Mungu. Nikaiweka transfoma kwenye chungu kikavu, nikaifunika majani mabichi mazuri, tabaka juu ya tabaka, nikayakandamiza vizuri pembeni. Bibi alipita, akatazama, akanisifu kwamba nimefunika kama mke wa mtu.

Baba aliporudi alifunua chungu na mvuke ukampiga usoni. Transfoma ilikuwa inatiririka maji. Nilikuwa nimeipika.

Baba aliitoa chunguni, akaiweka barazani. Jirani alicheka mpaka akashika nguzo ya baraza, akasema kilichobaki ni kutia chumvi. Bibi naye alikuwa amekosa, maana alinisifu, akaingia ndani na kuanza kufagia pale palipokwisha kufagiliwa. Mimi nililia kidogo, halafu nikapandwa na hasira, na hasira ilinisaidia kuliko machozi. Nikaichukua transfoma, nikaipeleka uani, nikaiweka katikati ya mkeka wa kahawa.

Niliianika kama kahawa, basi. Jua lilipotoka niliitoa, nikaigeuza kila bibi alipogeuza buni zake, na wingu likijikusanya upande wa ziwa niliikimbiza ndani kwanza kabla ya kahawa. Bibi aliilinda dhidi ya kuku nikiwa shule, na sikumsikia akilalamika. Kila alasiri baba alipima, na kila alasiri mshale ulinyanyuka kidogo kuliko jana yake. Hatimaye ukalala kabisa. Kahawa karibu yote ilikuwa imeshaingia maguniani, jirani amekwisha kuja na kamba ya kufungia mzigo wake, na baba akanyanyua chuma cha kuchomea ili airudishe.

Nikainusa. Ilikuwa mbali sana, lakini ilikuwepo.

"Bado," nikasema.

Jirani akauliza tangu lini mtoto wa kike anabishana na mita. Baba alinitazama, akautazama mshale uliolala, akanitazama tena. Kisha akaweka chini chuma chake, akamwambia jirani aje siku nyingine, na akasema maneno ambayo nimeyabeba maisha yangu yote: "Mita hii inauliza kwa umeme wa betri. Mashine itauliza kwa umeme mkubwa. Acha tumsikilize aliyenusa."

Tukaianika siku nne zaidi, kwenye mkeka ambao sasa haukuwa na kahawa hata punje, kitu kimoja cheusi katikati kama mfalme. Siku ya tano harufu ilikuwa imekwisha. Umeme tuliupata kutoka jenereta ya parokia, saa za alasiri tu, na alasiri ile baba aliniambia niiwashe mimi. Mstari ukaja. Ulikuja taratibu, mwembamba, umenyooka, ukatulia katikati ya kioo. Bibi akasema waitu, jamani, ndiyo hii tu? Jirani alikunja kamba yake, akaomba kahawa ya kutafuna.

Rafiki yangu, sitaki kukudanganya kwamba zamani kulikuwa kuzuri. Tulikuwa na funza miguuni, na wasichana wa rika langu wengi waliishia darasa la saba. Lakini kuna vitu vimeondoka na vinaniuma. Bibi hayupo, baba hayupo. Migomba ya nyuma ya nyumba ilikufa kwa mnyauko, mibuni yetu imezeeka, na watoto wa kaka yangu wanaijua kahawa kwa bei, hawaijui kwa pua. Baba aliipeleka mashine chuoni siku nilipoajiriwa kufundisha, pamoja na kalenda zake. Miaka yote hii hakuna aliyefungua kalenda hizo isipokuwa mimi.

Kwa hiyo nilipoifungua Ijuganyondo wiki ile ya kwanza, nilijua pa kuinamisha uso. Harufu ni ileile. Nikatandika mkeka uani. Majirani walidhani akili yangu imeanza kutembea.

Wiki ya tatu mkaguzi alikuja mwenyewe, kijana mstaarabu, amevaa viatu vya kung'aa. Nilimpa kiti na kahawa. Alitoa mita yake ya namba, akaipima transfoma palepale mkekani, akashangaa, akasema iko salama, niirudishe tu ili aandike kwamba imetengemaa. Gari lilikuwa limeshafika chuoni. Nikainama, nikanusa.

"Bado, mwanangu," nikamwambia.

Alinieleza kwamba mita haiwezi kukosea. Nikamwuliza kama anajua harufu ya kahawa ambayo haijakauka. Akasema babu yake kule Kaagya alikuwa na shamba, lakini yeye hakuwahi kuanika. Nikamwambia apige magoti. Alisitasita kwa ajili ya suruali yake, halafu akapiga magoti kwenye mkeka wangu, akaleta pua, naye akaisikia ile harufu. Gari la chuma chakavu liliondoka bila mzigo wake mmoja.

Jana mstari ulikuja, umenyooka. Leo osiloskopu imerudi chuoni, na sikuirudisha meza ya mwisho. Imekaa ya kwanza, karibu na mlango. Mwanafunzi mmoja alileta kitambaa na petroli afute ile rangi nyekundu ubavuni, nikamzuia. Nimeigeuza makusudi, ili kila anayeingia akutane kwanza na lile kosa, halafu atazame kioo.