Mbwa Aliyechaguliwa Siku ya San Roque

Nieves Gareca anaoka mikate mtaani kwetu, hapa mjini Tarija, tangu mumewe yuko hai, na miaka yote hiyo watu humwendea kwa ushauri wa mambo mawili: hamira na mbwa. Kwenye hamira hajawahi kukosea. Kwenye mbwa alikosea mara moja, tena mbwa wa nyumbani kwake mwenyewe, na mimi jirani yake nilikuwepo, nimesimama mlangoni pake nikitafuna mkate wa moto.

Ilikuwa tarehe kumi na sita Agosti, sikukuu ya San Roque, mtakatifu mlinzi wa mbwa. Siku hiyo huku kwetu mbwa ndiye mwenye nyumba. Anafungwa utepe shingoni, analishwa nyama, na ole wako umtupie jiwe, hata kama amekuibia kitoweo jikoni. Basi mbwa mmoja wa rangi ya manjano, asiye na mwenyewe, akaja na utepe wake mwekundu akajilaza mlangoni kwa Nieves. Watoto wa mtaa mzima walimvuta masikio na kumpanda mgongoni, naye katulia, anatikisa mkia tu.

Nieves alikuwa anatafuta mbwa. Wajukuu zake wawili, Abril wa miaka mitano na Lisandro aliyekuwa ndiyo kwanza anajifunza kutembea, walishinda kwake kila siku wakati mama yao, Rosalba, yuko kazini kiwandani.

"Ni huyu," Nieves akasema. "Mtazame alivyo mpole."

"Shoga, leo hata mume wangu angekuwa mpole, angelishwa nyama na kufungwa utepe."

"Mume wako hana mkia, tutajuaje?"

Tukacheka, mbwa akabaki. Nami nilicheka kama wengine, kwa hiyo sijitoi. Lakini mbwa wa San Roque ameshiba tangu alfajiri na hakuna aliyemkaripia. Kumchagua siku hiyo ni sawa na kuchagua mchumba kwenye arusi ya watu, kila mtu kaoga na kila mtu anacheka.

Siku ya tatu nyama za sikukuu zikawa zimekwisha. Mchana huo Abril akang'atwa mkono, akashonwa nyuzi nne. Nieves aliwaambia watu wote kwamba mtoto alijiendea mwenyewe kumnyang'anya mbwa mfupa, na kwamba mbwa yule ana wazimu. Jioni hiyo hiyo akamgawa mbwa kwa mchoma matofali wa ng'ambo ya mto.

Rosalba alifika akiwa bado amevaa aproni ya kazini. Hakupiga kelele, na hilo ndilo lililonitisha.

"Mama, wanangu hawatashinda hapa tena," alisema. Kesho yake akawapeleka kwa mama mkwe wake.

Ikapita miezi mitatu. Nieves alikonda. Aliunguza mikate, jambo ambalo sikuwa nimewahi kuliona maishani mwangu, na ukimwuliza anasema kuni mbaya. Halafu Jumanne moja ya Novemba, mvua inanyesha, akaja kunigongea.

"Vaa viatu. Tunakwenda kuchagua mbwa."

"Kwa mvua hii? Saa sita hii ya mchana?"

"Ndiyo. Wamelowa, wana njaa, wamekasirika. Nataka niwaone hivyo hivyo."

Tulikwenda kwa Zunilda, mke wa yule mchoma matofali, ambaye jike lake la mbwa lilikuwa na watoto wanne waliokwisha kukua. Tulipoingia uani, tukamkuta yule mbwa wa manjano amejinyoosha chini ya kibanda, watoto watatu wa Zunilda wamemlalia kama godoro. Nieves alisimama kama aliyepigwa kofi.

"Huyu hajang'ata mtu?" akauliza.

"Huyu? Hana neno," Zunilda akasema. "Ila akiwa anakula asisogelewe. Inaonekana njaa ilimtesa sana huko nyuma. Bakuli lake likishawekwa chini, wanangu wanakwenda kucheza upande mwingine. Basi, yameisha."

Nieves aliwageukia wale mbwa wanne, akaketi kwenye tope na sketi yake nzuri, akaanza kulia kwa sauti kama mtoto aliyeanguka. Wawili walikimbia. Wa tatu alimbwekea. Wa nne, jike jeusi lenye sikio lililokunjamana, lilimkaribia polepole, likamnusa uso, likamwegemea. Nieves akalivuta mkia. Likalia, likaruka pembeni, kisha likarudi. Akalipa mfupa, akangoja linogewe, akauchukua. Jike likamtazama tu, kama linaloomba maelezo.

"Mama huyu ni mzima kweli?" Zunilda akaninong'oneza.

"Ni mwokaji," nikamwambia.

Njiani, tukiwa juu ya daraja, jike jeusi linatufuata kwa kamba, Nieves akasimama.

"Abril hakujiendea," akasema. "Mimi ndiye niliyemtuma. Nilimwambia, nenda kachukue ule mfupa, mbwa akujue, mbwa wa San Roque hamng'ati mtoto. Mama yangu alikuwa akituambia hivyo."

"Na Rosalba umemwambia?"

"Nimwambie nini?"

Hasira zilinipanda. Miezi mitatu nimemtukana mbwa wa watu, na mtoto wa miaka mitano ameitwa mtundu mtaa mzima, na mwenye kosa ananiuzia mkate kila asubuhi.

"Basi umelowa bure leo," nikamwambia. "Rudisha tu hilo jike."

Hakulirudisha. Jumapili alimwita Rosalba, naye akaja peke yake, bila watoto. Nieves akaanza kulisifu jike: halina pupa, halishtuki, likiumizwa halilipizi. Rosalba alisikiliza, mikono kifuani, hata hakulitazama. Sifa zikamwishia Nieves midomoni. Akavuta pumzi, akalisema lile neno lote, tangu mfupa hadi uongo.

"Najua," Rosalba akasema. "Abril aliniambia siku ile ile, daktari akimshona. Alisema, bibi ndiye aliyenituma."

"Mbona ulinyamaza?"

"Nilikuwa nakungoja wewe. Mbwa siwaogopi, mama, umenilea nao. Niliogopa kumwachia mwanangu mtu anayemtwisha mtoto kosa lake."

Nieves akakaa juu ya gunia la unga. Mwishowe Rosalba akasema, "Kesho nitawaleta. Lakini Abril utamwambia mwenyewe."

Nimemwona Nieves akibishana na askari, na padre, na mkaguzi wa manispaa, na sijamwona akiogopa kama asubuhi ile ya Jumatatu. Abril alisimama mlangoni, amelificha kovu nyuma ya mgongo. Nieves alipiga magoti, magoti yale yanayomuuma kila baridi ikija.

"Abril, kosa lilikuwa langu. Mimi ndiye niliyekutuma. Halikuwa kosa lako, na watu nitawaambia."

Abril alifikiri. "Na la mbwa?"

"Wala la mbwa."

"Yeye umeshamwambia?"

Nieves alinitazama, akidhani nitamsaidia. Sikumsaidia.

"Bado," akasema.

"Basi twende tukamwambie na yeye."

Nieves akavua aproni, akanikabidhi koleo la mikate. Nilibaki na tanuri, na jike jeusi, na Lisandro aliyekuwa amelishika sikio kwa mikono miwili, huku nikiwatazama wakishuka kuelekea darajani, Abril mbele, bibi yake nyuma.